Jagi la Baba Mkwe

Sisi tunaoishi Kitale hatuugui malaria. Malaria ni ya watu wa Bungoma, kule chini kwenye miwa na joto. Huku juu tuna baridi na mahindi, na mbu akionekana huchukuliwa kuwa mgeni anayepita tu. Ukishikwa na homa mtaani kwetu Matisi, majirani watakwambia ni baridi, ni uchovu, ni mawazo, au ni mtu wa ploti ya pili ambaye hajafurahia cherehani yako mpya. Malaria itatajwa mwisho kabisa, baada ya uchawi.

Baba mkwe wangu alikuwa muumini mkubwa wa dini hii. Alizaliwa Kabuchai, kule Bungoma, akapanda huku Trans-Nzoia akiwa kijana, akapata shamba nje ya mji na kulima mahindi mpaka nywele zikageuka nyeupe. Kwa hesabu zake alikuwa amejikinga pande zote mbili. Utotoni aliugua malaria ya Bungoma mpaka ikamzoea, na uzeeni alikuwa anaishi mahali ambapo malaria haifiki. Chandarua alichopewa bure alikitumia kuzungushia vifaranga. Vifaranga hao, niwe mkweli, hawakuwahi kuugua malaria hata mara moja.

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba mwili una usahaulifu wake. Ukikaa miaka na miaka kwenye baridi, ile kinga ya utotoni inafifia kimyakimya. Siku unaposhuka nyumbani ukijiona mwenyeji, damu yako imeshakuwa ngeni kama ya mtalii. Mbu hawakuulizi ulizaliwa wapi.

Alishuka kwa sababu ya matanga. Dada wa mama mkwe alikuwa amefiwa na mumewe huko Kabuchai, na wakwe zangu wote wawili wakaenda. Kwetu wanaume hulala nje penye msiba, kando ya moto, na mzee wa umri wake angepewa kitanda na chandarua bila hata kuomba. Alikataa. Mwanamume mzima alale ndani ya neti wakati wenzake wanamlinda marehemu? Akalala nje siku zote za msiba. Akarudi Kitale peke yake, akisifu hotuba za mazishi, na mama mkwe akabaki kumliwaza dada yake.

Mume wangu anafanya kazi Lodwar, na ndugu zake wametawanyika kila upande isipokuwa upande wa nyumbani. Mimi hushona sare za shule hapa Matisi, kwa hiyo nahesabiwa kuwa mtu asiye na shughuli. Mzee alipoanza kutetemeka, wa kumuuguza nikawa mimi, mke wa mwanawe.

Hapo lazima nieleze heshima yetu, maana asiyeijua ataona tulikuwa wendawazimu. Kwetu mke hapeani mkono na baba mkwe wake. Hawaketi kwenye kiti kimoja, haingii chumba chake cha kulala, na wakiongea hawatazamani. Miaka yote ya ndoa yangu, baba mkwe amekuwa akiongea na redio. Akitaka chai, anaitazama redio na kusema, "Chai iko?" Mimi naujibu mlango, "Iko, inakuja." Tulielewana vizuri sana sisi wanne: yeye, mimi, redio na mlango.

Na nilimpenda. Nilipozaa msichana wa tatu na watu wa ukoo wakaanza kunong'ona kwamba mwanawe atafute mahali pengine pa kupata mvulana, mzee aliiambia redio, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba nyumbani kwake wasichana ni watoto kamili na asiyeridhika aende akazae wake. Baada ya hapo alifungulia taarifa ya habari. Sijawahi kumshukuru, kwa sababu ningemshukuruje? Ningeuambia mlango?

Basi, homa ilipomshika, alijitibu. Kabatini kulikuwa na vidonge vya malaria vilivyobaki mtoto wangu alipougua, kwa sababu kwetu mgonjwa akipata nafuu dozi haimalizwi, inawekwa akiba. Alimeza hivyo. Juu yake akamimina dawa za maumivu kutoka dukani, zile kali za mgongo, asubuhi na jioni, na juu ya hizo majani machungu aliyoyachuma mwenyewe. Wakati huo mkojo wake ulikuwa tayari umegeuka mweusi kama soda. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Alikuwa na habari muhimu kuliko zote na hakuwa na wa kumwambia. Mkewe alikuwa Kabuchai, na nyumbani nilikuwepo mimi na redio.

Nilichokiona mimi ni macho yake kuwa ya manjano. Nikaomba pikapu ya jirani anayeuza maziwa, tukampeleka hospitali moja mjini ambayo sitaitaja, kwa sababu bado naihitaji.

Walimpima damu, na malaria ikaonekana bila hata kutafutwa sana. Wakamtundikia dripu na kumwanzishia sindano. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, alinieleza kwamba malaria ikiwa kali kiasi hicho inaweza kuharibu figo, na kwamba angependa kuzipima. Bahati mbaya mashine ya kuzipima ilikuwa nzima kabisa ila dawa yake ilikuwa imeisha, na ilikuwa inasubiriwa kutoka Nairobi. Kila kitu Kitale kinasubiriwa kutoka Nairobi. Kwa hiyo wangeangalia mkojo. Wakataka kumwekea mpira wa mkojo, na mzee akakataa akiwa ameushika mkanda wake kwa mikono yote miwili. Daktari akasema haya, basi tupime kwa jagi.

Nesi akaja nalo. Lilikuwa la plastiki, lenye mistari ubavuni.

"Mama, kila akikojoa akojolee hapa, uangalie mstari, uniambie," alisema.

"Sista, huyu ni baba mkwe wangu."

"Na ni mgonjwa wangu."

"Sisi hatu..." Nilijaribu kueleza. Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza kwa nini hakuoga. Mwisho akaliweka jagi sakafuni kando ya kitanda na kwenda zake. Mimi sikuligusa. Mikono yangu ilikataa, na nilikubaliana nayo.

Nesi huyo alikuwa mchapakazi, namsifu, ila Mungu alimpa sauti ya mhubiri wa sokoni. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa wodi ya wanaume na kuuliza kutoka huko huko:

"Mama wa kitanda cha dirishani, mzee amekojoa?"

Wodi nzima iligeuka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Baba mkwe alijifunika blanketi mpaka kichwani. Jagi lilikuwa kavu. Asubuhi iliyofuata aliuliza tena, mbele ya wagonjwa, watu wa kuleta uji na mchungaji aliyekuja kuombea wodi, na jagi lilikuwa kavu vilevile. Nikaona blanketi la mzee likitetemeka, na haikuwa homa.

Halafu ukatokea muujiza. Nilifika na uji asubuhi, na jagi lilikuwa na mkojo. Mwingi, wa rangi nzuri, ungedhani ni wa kijana wa shule. Nesi akaandika huku akitabasamu. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake tena. Daktari akasoma ile karatasi iliyoning'inia kitandani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuagiza maji ya dripu yaendelee. Homa ikashuka. Damu ikapimwa tena na malaria haikuonekana. Nilimpigia mume wangu simu Lodwar nikamwambia baba amepona, na nilisikia akipiga kelele za furaha mpaka wenzake wakamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Dada mkubwa wa mzee, shangazi wa ukoo, akaja kutoka Lugulu na kuku wa kuchemsha. Huyu ni mama ambaye hakuna jambo linalofanyika kwetu, kuanzia kutahiri hadi kupaka nyumba rangi, bila yeye kutoa hotuba. Alimtazama mgonjwa aliyevimba mashavu, akafurahi.

"Amenona," alisema. "Si mnaona uso? Kitale imemkubari."

Miguu ilikuwa imevimba hata ndara hazimwingii. Hiyo ni kwa sababu ya kulala sana, alisema shangazi. Mzee akaanza kwikwi isiyokatika kutwa nzima. "Kuna mtu anamtaja," alisema shangazi, na akaanza kukisia ni nani. Mzee akawa mtu wa kusinzia katikati ya sentensi. "Mwache apumuzike." Kila dalili ilipata mkalimani wake, na wote walikuwa na furaha. Mimi pia nilikuwa na furaha, maana karatasi ya hospitali ilisema mambo ni mazuri, na nani anabishana na karatasi ya hospitali?

Kitanda cha pili alilala mkulima wa vitunguu kutoka mteremko wa Mlima Elgon, aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua. Mtu mcheshi, mwenye roho nzuri. Alikuwa akigawa ndizi zake wodi nzima. Siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani, alikunja blanketi lake, akavaa koti, na akanisogelea kuniaga.

"Mama, sasa mimi naenda," alisema. "Si utafutie mzee mtu mwingine wa kumuwekea?"

"Kumwekea nini?"

Akaonyesha jagi kwa kidevu.

Nikadhani sikuelewa. Akaeleza, bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

"Huyu mzee hana kitu, bana. Tangu ile siku nesi alikuwa anapiga kelele, hana kitu. Akaniomba nimusaidie, ati mke wa kijana yake anaaibishwa kila asubuhi. Nikamwambia, si ni mkojo tu? Yangu iko mingi." Akacheka kidogo. Alikuwa anangoja nimshukuru.

Nilitazama lile jagi lenye mistari na nikaelewa kwamba kwa siku zote hizo tulikuwa tumeuguza figo za mkulima wa vitunguu, na zilikuwa na afya tele. Baba mkwe wangu, kwa kunistahi mimi, alikuwa anakufa kwa utaratibu.

Nikageuka nikamtazama. Usoni. Sikuwahi kuuona uso wake kwa karibu namna ile, na sasa ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari miwili.

"Baba," nilisema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko ya nesi. "Baba, umekojoa lini mara ya mwisho?"

Shangazi, aliyekuwa akimpakulia mchuzi, aliacha kijiko hewani. Mzee alitafuta redio kwa macho. Hospitali haina redio. Mwishowe akaligeukia dirisha.

"Sijui," aliliambia dirisha. "Ile siku ya kuja, kidogo. Ilikuwa nyeusi."

Nilikimbia. Nilimkuta daktari kwenye korido na nikamweleza yote bila aibu, na aibu ilikuwa imekwisha kweli. Damu ilichukuliwa na kupelekwa maabara ya watu binafsi ng'ambo ya barabara, ambayo kumbe ilikuwepo muda wote tukiisubiri Nairobi. Majibu yalipokuja, daktari aliyasoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Sipendi kumwona daktari akiketi.

Alinieleza kwa maneno ya kawaida, na namshukuru kwa hilo. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe za damu na kuzipasua. Zilizopasuka huacha takataka, na zile ambazo hazijapasuka hunatana kwenye mishipa midogo. Figo ndizo huchuja damu. Sasa zimeletewa uchafu huo wote, tena mwili ukiwa umekaukiwa maji, na juu yake zile dawa kali za mgongo ambazo figo hazizipendi hata siku ya amani. Zikaziba kama kichujio cha chai kilichojaa majani. Na maji ya dripu ambayo walikuwa wanaongeza, kwa kuuamini mkojo wa jirani, hayakuwa na pa kutokea. Ndiyo yale mashavu. Ndiyo ule unono wa shangazi, wa Kitale kumkubali.

"Malaria tuliimaliza," alisema daktari. "Iliacha kazi yake nyuma."

Alihitaji kusafishwa damu kwa mashine, na mashine za Kitale zilikuwa na watu. Nafasi ilipatikana Bungoma. Tukampakia kwenye ambulensi na kumrudisha kule kule chini kwa mbu wake. Mama mkwe alitungojea getini. Yeye ndiye aliyelipokea lile jagi, maana lilikuja nasi kwenye mfuko wa vyombo, na ndiye aliyelishika kila siku. Mume wangu alifika kutoka Lodwar akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na hakuniuliza kwa nini nilimwambia baba amepona. Hilo lilinitoa machozi.

Daktari wa Bungoma hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Figo zilizozimwa na malaria mara nyingi huamka, alisema, baada ya wiki kadhaa. Wakati mwingine haziamki. Zisipoamka, mzee ataishi kwa mashine maisha yake yaliyobaki. Ishara ya kwanza itakuwa mkojo, kwa hiyo pimeni kila siku. Mzee alipotoka wodini akawa analala Kabuchai kwa ndugu yake ili awe karibu na mashine, nami nikawa napanda na kushuka, cherehani Kitale na moyo Kabuchai. Jagi liliwekwa kwenye kizingiti cha dirisha sebuleni. Kila nikifika, kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa hicho, kabla ya kusalimu watu. Lilikuwa limekauka mpaka likashika vumbi.

Ndipo ukoo ukaitisha mkutano. Kulikuwa na jambo la dharura. Si figo. Ulikuwa mdomo wangu.

Tuliketi sebuleni mchana mmoja, wazee kwenye viti, mimi kwenye mkeka karibu na mlango. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, amepungua, koti limemzidi. Shangazi alifungua kwa sala, akafika kwenye kiini.

"Mtoto wa wenyewe ameuriza baba mkwe wake mambo ya suruari," alisema. "Mbere ya wodi. Mimi nirikuwa hapo na kijiko mkononi. Hii kitu ikiachwa hivi, hii boma itaratibiwa na shetani."

Wazee wakaguna. Mmoja alisema ni kweli siku hizi mabinti wamezidi. Mwingine alitaka kujua kama nilisema "umekojoa" au nilisema "umetoka nje", kwa kuwa kwa maoni yake adhabu zilikuwa tofauti. Mume wangu alianza kunitetea, akaambiwa angoje zamu yake. Ikakubaliwa kwamba anatakiwa kondoo, achinjwe, maneno yangu yasafishwe. Yule mkulima wa vitunguu, ambaye mkojo wake ulikaribia kumzika mzee, hakutajwa. Yeye alikuwa mwanamume na alisaidia.

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Lakini nitasema ukweli, kondoo hakunisumbua. Wangetaka ng'ombe ningetafuta ng'ombe. Kilichonisumbua ni lile jagi pale dirishani, juu ya bega la mzee, na vumbi lake. Nilifikiri: wakati sisi tunasafisha maneno, ndani ya mtu huyu hakuna kinachosafishwa.

Wakaanza kujadili rangi ya kondoo. Mzee akainuka. Alijishika kwenye kiti, akasimama kitambo, kisha akanyoosha mkono, akachukua jagi kutoka dirishani na kutoka nalo nje. Watu wakadhani amechoshwa, na pengine ni kweli. Mama mkwe alitaka kumfuata, shangazi akamwambia amuache apigwe na upepo. Mjadala ukaendelea. Shangazi alikuwa upande wa kondoo mweupe.

Alikawia. Nilisikia mlango wa choo, kisha kimya, kisha hatua zake zikirudi polepole kwenye ua, za mtu anayebeba kitu asichotaka kukimwaga. Akatokea mlangoni. Jagi alilishika yeye mwenyewe. Chini kulikuwa na kitu. Si kingi, hakikufika hata mstari wa pili, na kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Kilikuwa chake.

Mama mkwe aliinuka kumpokea. Akamtikisia kichwa, hapana. Shangazi alinyamaza katikati ya kondoo.

"Mama," alisema baba mkwe. Palikuwa na redio kwenye kabati, imewashwa chini chini, na hakuitazama. Alinitazama mimi, machoni, mbele ya ukoo mzima. "Nimekojoa. Hebu pima."

Nikainuka kutoka mkekani, nikalipokea kwa mikono miwili.